Trakiboli, traka na 'trakingi': Fahamu nani anafuatwa na habari zake zinaishia wapi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MAUMIVU ya kifundo cha mkono, yanayowapata watu wengi wanaoshinda mbele ya kompyuta, yalimfanya mwandishi wa makala haya atafute kifaa cha kutumia badala ya kipanya. Mwenzake katika chumba cha habari alimshauri anunue trakiboli, yaani kifaa chenye mpira uliokaa katika kikombe chake juu ya meza, ambao mtumiaji huuviringisha kwa vidole huku mkono wenyewe ukiwa umetulia.

Alipofika katika duka moja la vifaa vya kompyuta katikati ya jiji, mwandishi huyu alikuwa amekwishalisahau jina kamili la kifaa hicho, akaomba "traka." Muuzaji, kijana mchangamfu, aliinama nyuma ya kabati la kioo na kuibuka na kisanduku cheusi chenye nyaya.

"Gari lako ni la aina gani, kaka?" aliuliza. "Hii unaiwekea laini ya simu tu, halafu hata ukiwa umelala nyumbani unaona dereva wako yuko wapi."

Zilihitajika dakika kadhaa za kueleweshana, na ishara za mikono, kabla ya wote wawili kubaini kwamba mmoja alitaka kifaa cha kusogeza alama kwenye kiwambo na mwingine alikuwa akiuza kifaa cha kumfuatilia dereva. Walicheka, na mwandishi akaondoka mikono mitupu.

Kosa hilo la dukani liligharimu dakika chache tu. Lakini kosa la aina hiyo hiyo, linapofanyika mbele ya kitufe cha "Kubali" katika simu, laweza kumgharimu mtu habari za maisha yake: anakolala, anakofanya kazi, hospitali anayotibiwa na nyumba ya ibada anayosali. Vifaa vyote hivyo, vya heri na vya kutiliwa shaka, hutumia neno moja la Kiingereza, ambalo hapa tutaliita trakingi. Ni vyema basi msomaji akafahamu neno hilo lina maana gani kila linapotokea.

Asili ya neno ni nyayo

Katika Kiingereza neno hilo lilianza na maana ya alama zinazoachwa na kiumbe au chombo kilichopita: nyayo za mnyama, mkondo wa gari, njia iliyokanyagwa. Ndipo likapatikana vazi la traksuti, kwa kuwa huvaliwa na wanamichezo wa njia ya mbio. Kitendo chake ni kile cha msasi anayesoma nyayo mchangani ili ajue mnyama ameelekea wapi.

Kiswahili kina utajiri zaidi katika jambo hili. Tunasema kufuata, kufuatilia, kuandama, kunyemelea na kupeleleza, na kila neno lina uzito wake. Mtoto humfuata mama yake sokoni. Mzazi hufuatilia maendeleo ya mwanawe shuleni. Mbwa humwandama mwizi. Paka humnyemelea panya. Naye jasusi hupeleleza. Hakuna Mswahili anayeweza kuyachanganya matendo hayo. Lakini menyu za simu na kompyuta zinapotafsiriwa, yote hayo huingizwa katika neno moja, "ufuatiliaji," na tofauti zake hupotea.

Mpira uliozaliwa katika rada

Historia ya trakiboli yenyewe inaonyesha jinsi maana hizo zilivyoanza kuachana. Mwaka 1946, mhandisi Ralph Benjamin, aliyekuwa akilitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza, alibuni mpira wa chuma uliozunguka juu ya magurudumu madogo yaliyovikwa raba. Kazi yake ilikuwa kusogeza alama kwenye kiwambo cha rada ili opereta aweze kuonyesha ndege ilipo na kufuatilia mwendo wake. Uvumbuzi huo ulipewa hataza mwaka 1947, lakini ulibaki kuwa siri ya kijeshi.

Mwaka 1952, wahandisi Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor wa kampuni ya Ferranti ya Canada walitengeneza kifaa cha aina hiyo kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la nchi yao, katika mradi ulioitwa DATAR. Walitumia mpira wa kawaida wa mchezo wa boling ya pini tano, mchezo unaopendwa nchini Canada.

Katika kizazi hicho cha kwanza, anayefuatilia alikuwa binadamu na anayefuatiliwa alikuwa ndege au meli. Mpira ulikuwa chombo tu cha kumwezesha mtu kuweka alama yake juu ya shabaha.

Baadaye mpira huo uligeuzwa juu chini. Wahandisi wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, waliokuwa wametengeneza trakiboli kwa ajili ya meza za waongozaji ndege, waliupindua mpira ukatazama chini na kuviringika juu ya meza. Kifaa hicho kilitangazwa Oktoba 1968, wiki chache kabla ya Mmarekani Douglas Engelbart kuonyesha kipanya chake hadharani mjini San Francisco, Desemba 9, 1968. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba kipanya cha mpira, kilichoenea maofisini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni trakiboli iliyolala kifudifudi.

Mkono ndio unaofuatwa

Trakiboli ya zamani ilikuwa na vijiti viwili vilivyougusa mpira, kimoja kikipima mwendo wa kulia na kushoto, kingine mwendo wa juu na chini. Kila kijiti kilizungusha gurudumu lenye matundu, na mwanga uliokatizwa na matundu hayo ukahesabiwa na kompyuta. Zilizo nyingi sasa hutumia kijicho cha mwanga kinachopiga picha nyingi kwa sekunde za uso wa mpira, kisha kulinganisha picha moja na inayofuata ili kujua mpira umeviringika kuelekea wapi.

Hapa trakingi ina maana ya uaminifu wa mashine katika kuufuata mkono wa mtumiaji. Kipanya cha mwanga kikiwekwa juu ya meza ya kioo, mara nyingi alama kwenye kiwambo huruka au hukwama, kwa sababu kijicho hakioni kitu cha kulinganisha. Wataalamu husema kipanya kimepoteza trakingi. Trakiboli haipatwi na tatizo hilo, maana kijicho chake hutazama mpira wake yenyewe, si meza.

Katika kompyuta za Apple, mpangilio wa kasi ya kielekezi huitwa kasi ya trakingi. Mtumiaji anayekutana na maneno hayo asiingiwe na hofu. Hakuna anayempeleleza; anaulizwa tu iwapo anataka alama iende mbali au karibu anaposogeza kidole. Habari hiyo huanzia mkononi mwake na kazi yake huishia kwenye kiwambo kilicho mbele yake.

Wasomaji wengi wamewahi kuiona trakiboli bila kuijua. Mama mjamzito anapopimwa kwa altrasaundi, mtaalamu huwa na mkono mmoja tumboni mwa mama na mwingine kwenye mashine, ambako mara nyingi kuna mpira mdogo anaouviringisha. Kwa mpira huo huweka alama upande mmoja wa kichwa cha mtoto na nyingine upande wa pili, na mashine ikampa kipimo. Rada za meli nazo hutumia mipira kama hiyo, kwa kuwa kipanya kingeteleza chombo kinapoyumba.

Kuhusu maumivu ya mkono, ukweli usemwe bila kutia chumvi. Trakiboli hupunguza kazi ya bega na kifundo kwa sababu mkono hausafiri mezani, lakini haitibu ugonjwa. Aina zinazoviringishwa kwa dole gumba zaweza kulichosha dole hilo, na wengine huona nafuu kwa mpira mkubwa wa katikati unaotumia vidole vyote. Mapumziko ya mara kwa mara na ushauri wa daktari havina mbadala. Anayeimiliki akumbuke pia kuutoa mpira na kufuta uchafu unaojikusanya pale unapokalia, la sivyo utaanza kukwama.

Deki, gereji na kurasa za magazeti

Lipo kundi la pili ambalo halihusiani kabisa na kumfuata mtu. Waliokuwa na deki za kanda za video watakumbuka kitufe cha trakingi kilichobonyezwa pale michirizi myeupe ilipojaa kwenye picha. Katika kanda hizo picha zilirekodiwa kwa mistari ya mshazari, na kichwa cha deki kilipaswa kupita juu ya kila mstari bila kukengeuka. Kitufe kile kilirekebisha mpito huo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki hizo, ilisitisha uzalishaji Julai 2016.

Nchini Uingereza, dereva akiambiwa gari lake linahitaji trakingi, hatajwi askari wala setilaiti. Kinachokusudiwa ni kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, kazi ambayo mafundi wetu huiita alaimenti.

Hata katika chumba cha habari neno hilo lina kazi yake. Msanifu wa kurasa anaposema atapunguza trakingi ya kichwa cha habari, ana maana ya kubana nafasi baina ya herufi zote za mstari ili kichwa kienee katika safu. Katika mifano yote mitatu, neno limebaki na maana ya njia na mpangilio, si ya kufuatwa.

Gari na mzigo

Kundi la tatu ni la vitu vinavyofuatwa, na humo ndimo kilimo kisanduku cha yule muuzaji.

Watu wengi huamini kwamba setilaiti ndizo zinazoliona gari. Sivyo. Setilaiti za mfumo wa GPS, zilizoko takriban kilometa 20,200 juu ya dunia, hutangaza tu wakati na mahali zilipo, kama redio inavyotangaza bila kujua nani anaisikiliza. Kifaa kilichomo garini husikiliza setilaiti zisizopungua nne na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Setilaiti hazijui kama gari hilo lipo duniani.

Anayetoa siri ni laini ya simu iliyo ndani ya kisanduku hicho. Ndiyo inayotuma hesabu ile kwenye kompyuta ya kampuni, na kutoka huko mwenye gari huiona kwenye simu yake. Hivyo swali la msingi si "setilaiti inaniona?" bali "kompyuta hiyo ni ya nani, na nani mwingine anaruhusiwa kuifungua?"

Nchini Tanzania, mabasi ya abiria yaendayo mikoani hufungwa mfumo unaojulikana kwa kifupi kama VTS, unaoiwezesha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kufahamu mwendo wa basi na mahali lilipo. Hapa kufuatwa kuna manufaa ya wazi, kwani abiria analindwa dhidi ya mwendo kasi, na dereva mwenyewe anajua kwamba anafuatiliwa.

Mzigo wa posta nao hufuatiliwa kwa namba, ingawa kwa njia tofauti kabisa. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, namba hiyo huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, kama TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya. Mzigo huo hautangazi chochote. Habari hupatikana pale tu mtumishi wa posta anapousoma kwa mashine. Kwa sababu hiyo, mteja asiyeona habari mpya kwa siku tatu asikimbilie kusema mzigo umepotea. Huenda uko safarini na haujafika mbele ya mashine nyingine.

Jicho linaposema zaidi ya mkono

Kati ya kukifuata kitu na kumfuata mtu kuna teknolojia ya kufuata macho. Kamera humulika jicho kwa mwanga usioonekana, na kwa kutazama unavyoakisiwa hutambua mtu anaangalia wapi. Kwa mtu asiyeweza kutumia mikono yake, huu ni ukombozi, maana huandika na kufungua kurasa kwa macho. Mwaka 2024, kampuni ya Apple iliingiza uwezo wa namna hiyo katika simu zake kwa toleo la iOS 18, kwa kutumia kamera ya mbele ya kawaida.

Pamoja na hayo, jicho na mkono ni mashahidi wawili tofauti. Mpira wa trakiboli husema kile ambacho mtu ameamua kukisema. Jicho husema na yale ambayo hakukusudia: picha aliyoirudia mara mbili, bei iliyomshtua, uso uliomvutia. Habari hiyo ikibaki ndani ya simu, ni msaada; ikitoka nje kwenda kwa muuza matangazo, ni upelelezi. Kifaa ni kile kile, kilichobadilika ni mahali habari inapoishia.

Mtu anapokuwa shabaha

Ndivyo tunavyofika kwenye kundi la nne, ambamo mtu mwenyewe ndiye shabaha.

Mwaka 1994, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni vidakuzi, vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huviweka katika kivinjari cha mtumiaji. Lengo lilikuwa jema, yaani tovuti ikumbuke mteja aliweka nini katika kikapu chake cha manunuzi. Muda si mrefu makampuni ya matangazo yakagundua kwamba kidakuzi kimoja kinaweza kumtambua mtu yule yule katika tovuti nyingi tofauti. Kikumbusho cha dukani kikageuka kuwa mtu wa kumwandama mteja mtaa kwa mtaa.

Jitihada za kumpa mtumiaji sauti hazikukosekana. Vivinjari viliwekewa alama ya kuziomba tovuti zisimfuate mtumiaji, lakini lilikuwa ombi lisilo na meno, na kikundi cha wataalamu kilichokuwa kikiliandalia viwango kilifungwa mwaka 2019. Aprili 2021, Apple ilizilazimisha programu za simu zake kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuata.

Lakini hata hapo msomaji anapaswa kulisoma neno kwa uangalifu. Kwa tafsiri ya kampuni hiyo, kufuata maana yake ni kuunganisha habari zako za programu moja na zile za programu au tovuti za makampuni mengine kwa ajili ya matangazo, au kuzipeleka kwa wafanyabiashara wa taarifa. Anayebonyeza kukataa anakataa hilo tu. Programu yenyewe bado inaweza kuandika kile anachokifanya ndani yake.

Hatari ya kutegemea jina la kitufe ilidhihirika nchini Marekani. Mwaka 2018 ilibainika kwamba watumiaji waliozima mpangilio wa Google ulioitwa historia ya mahali waliendelea kuhifadhiwa habari za mahali walipo kupitia mpangilio mwingine, wenye jina lisilotaja mahali kabisa. Novemba 2022, kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kumaliza madai ya majimbo 40 kuhusu jambo hilo. Waliozima kitufe cha kwanza waliamini wamefunga mlango, kumbe dirisha lilikuwa wazi.

Sheria na maswali matatu

Katika ukanda wetu sheria zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya wananchi. Sheria hizo zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani.

Hata hivyo, haki humsaidia anayejua kuuliza. Kila msomaji anapokutana na neno trakingi, traka au ufuatiliaji, na ajiulize maswali matatu. Kwanza, nini kinafuatwa: ni mkono wangu, ni kitu changu, au ni mimi mwenyewe? Pili, habari hiyo inaishia wapi: ndani ya kifaa changu, kwa mtu ninayemfahamu, au kwa watu nisiowajua? Tatu, ninaweza kuisimamisha, na nikiisimamisha, ni kitu gani hasa kinachosimama?

Mwajiri anayefunga kifaa katika gari la ofisi, au mzazi anayeweka programu katika simu ya mwanawe, naye ajiulize kama anayefuatwa ameambiwa. Kumfuatilia mtu kwa ridhaa yake ni ulinzi. Kumfuata bila yeye kujua ni kumnyemelea, hata kama kitufe kimeandikwa jina la upole.

Mwandishi wa makala haya hatimaye alipata trakiboli yake katika duka jingine, safari hii baada ya kuchora duara kwenye karatasi. Ipo mezani pake sasa, na kifundo cha mkono kimepata nafuu kiasi. Inaufuata mkono wake tu, na anapoondoka ofisini jioni haijui ameelekea wapi. Simu iliyo mfukoni mwake ndiyo inayojua, na mipangilio yake ameipitia ukurasa baada ya ukurasa.